Kibanio Namba Kumi na Nne

Alikuja saa tatu kasorobo asubuhi, kwa miguu, mikono mitupu.

Kwa mgeni hilo lisingekuwa jambo. Lakini katika klabu yetu ya ndege za rimoti hakuna mwanachama anayefika uwanjani mikono mitupu, na zamani Seremala ndiye aliyekuwa akija na mizigo mingi kuliko sote: mabawa kwapani, sanduku la zana begani, rafadha ya akiba, ile panga ya kuvutia ndege, imechomoza mfukoni kama kalamu ya mwalimu. Sasa alikuwa na shati jeupe na koti, basi. Alifunga geti nyuma yake. Alipiga hatua kumi, akasimama, akarudi kukagua komeo. Akaja tena. Akarudi tena, akalitikisa, ndipo akaukabili uwanja.

Sikuelewa kwa nini anafanya vile. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa namba, daftari la safari mikononi, na niliogopa Baba angenisoma usoni. Alikuwa amekaa hatua tano tu kutoka kwangu, kwenye kiti chake cha kukunja.

"Huyo ni nani?" Baba aliuliza, ingawa macho yake ya mpima ardhi mstaafu hayajawahi kukosea umbo la mtu.

"Ni Seremala, Baba."

"Nani alimwalika?"

"Kamati imewaalika wanachama wote wa zamani. Ulitia saini barua mwenyewe, Mwenyekiti."

"Nilitia saini barua ishirini na mbili. Sikuzisoma zote."

Mimi nilizisoma zote, kwa sababu niliziandika. Ishirini na moja niliziandika mara moja. Ya Seremala niliiandika mara tano.

Ilikuwa siku ya mwisho ya ubao ule. Klabu ilikuwa imehamia kwenye rimoti mpya, ambazo hata zikiwashwa ishirini kwa pamoja hazigombani. Zile za zamani ziligombana. Kila moja ilikuwa na namba yake, na rimoti mbili zenye namba ileile zikiwashwa kwa wakati mmoja, ndege iliyo angani husikia mabwana wawili, haijui imtii yupi, inaanguka. Ndiyo maana tulikuwa na ubao, na juu yake vibanio vya nguo, kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Kanuni ilikuwa moja na haikuwa na msamaha: huwashi rimoti kabla hujachukua kibanio cha namba yako ukakibana kwenye antena. Usipokiona ubaoni, ujue mwenzako yuko angani. Unangoja.

Kanuni hiyo niliiandika mimi. Mimi ndiye katibu. Siku nyingine za wiki ni mfamasia, na riziki yangu inatokana na kusoma kila lebo mara mbili kabla dawa haijapita dirishani. Kila mtu klabuni anajua kwamba Katibu hakosei. Siku hiyo wanachama walikuja kuchukua vibanio vyao viwe kumbukumbu, na mimi nilikuwa nimekuja kusema jambo moja ambalo nilikuwa nimelikalia kwa miaka miwili.

Daktari wa Meno, mzee wetu mcheshi, ndiye aliyemwahi.

"Jamani, ni macho yangu? Seremala! Umefufuka lini?"

"Sikufa, Daktari. Nilikuwa na kazi."

"Kazi ya miaka miwili? Ulikuwa unajenga safina?"

"Milango tu. Na wewe, umeangusha ngapi tangu niondoke?"

"Nane. Usinicheke. Kidege changu kikiona nashika rimoti kinaanza kutetemeka. Nimeng'oa meno miaka ishirini, na hakuna jino lililowahi kutoka upesi kama mabawa yangu."

Seremala akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka hufumba jicho la kushoto, kama anayepima unyoofu wa ubao. Kumbe sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeliweka mahali nisipofika.

Alisogea mbele ya Baba, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Haya. Chukua kilicho chako. Katibu atakupa."

Hapo ndipo alipogeuka. Macho yetu yalikutana juu ya daftari. Yake yalikuwa matulivu, na utulivu ule uliniumiza kuliko hasira yoyote.

"Katibu," alisema.

"Seremala."

"Barua yako ilifika. Imenyooka kama rula."

"Ni barua ya ofisi."

"Niliona. Naweza kuzungumza nawe pembeni? Dakika chache."

Nilichomoa kibanio namba kumi na nne ubaoni, tukaenda ghalani, mwisho wa njia ya kurukia, tunakohifadhi mafuta na meza ya matengenezo. Sikupachagua mimi. Miguu yake ilikwenda huko kwa mazoea, na yangu ikafuata kwa hofu.

Lazima nieleze habari ya kibanio kile, kwa sababu kilikuwa kimoja na kilikuwa cha watu wawili.

Nilipojiunga na klabu, Seremala alinipa rimoti yake ya zamani. Aliisafisha, akaifunga kwenye karatasi ya msasa kwa kuwa hakuwa na nyingine karakanani. Niliifungua, nikatazama nyuma.

"Lakini hii ina namba yako," nilimwambia. "Kumi na nne. Hatutaweza kuruka pamoja hata siku moja."

"Ndivyo ninavyotaka. Nikiruka mimi, utasimama kando yangu ukingoja zamu. Ukiruka wewe, nitasimama kando yako. Kibanio ni kimoja, Katibu. Hakuna wa kumkimbia mwenzake."

Miezi kumi na minne tulipeana kibanio kile mkono kwa mkono. Vidole vyangu vilivijua vidole vyake kwa njia hiyo kabla ya kuvijua kwa njia nyingine. Katika miezi hiyohiyo yeye alikuwa akitengeneza Korongo, ndege nyeupe yenye mabawa marefu kuliko kimo chake, kila ubavu ameukata kwa mkono. Baba hakupendezwa.

"Mtu anayemaliza mwaka mzima akitengeneza kitu cha kuchezea, nyumba atajenga lini?"

"Na wewe, Baba, una ndege tatu."

"Mimi nimeshajenga."

Hata hivyo alikubali kuonana na mjomba wa Seremala. Ilipangwa Jumamosi moja, alasiri, hapahapa uwanjani, Korongo ikishamaliza safari yake ya kwanza. Sote tulijua mjomba anakuja kuzungumza nini.

Asubuhi ile nilimshikia Seremala mkia wa Korongo wakati akiwasha injini. Nilimkatia utepe wa bluu, naye akaufunga kwenye waya wa betri, mara mbili, akaukandamiza kwa kidole gumba. Alichukua kibanio. Korongo ikapaa, na uwanja mzima ukasimama. Mimi sikuweza kusimama. Nilikuwa nikimfikiria mjomba tu, basi nikaja ghalani nijishughulishe. Rimoti yangu ilikuwa mezani. Zamu yangu ingefuata. Nilitaka tu kujua kama betri yake imejaa. Nilibonyeza swichi nitazame mshale.

Mshale ulipanda. Sekunde tatu, labda nne. Antena ilikuwa haijavutwa hata kidogo. Lakini Korongo ilikuwa inakuja kutua, na njia yake ilipita juu ya paa la ghala hili. Nilisikia mlio wa injini ukibadilika. Nilizima. Nilipotoka nje ilikuwa imekwisha kulala chini, vipande vipande, hatua mbili kutoka kiti cha Baba.

Katika mabaki yale waya wa betri ulikutwa umechomoka, na utepe wake haukuonekana. Bila shaka ulichomolewa na kishindo. Baba aliuinua kwa vidole viwili mbele ya watu wote.

"Hukuufunga."

"Nadhani niliufunga, mzee."

"Unadhani?"

Neno lile lilimmaliza. Kamati ilimsimamisha miezi sita. Mjomba alirudishwa getini. Jioni Seremala alinijia, uso umemshuka.

"Katibu, ulikuwa umeshika mkia. Hukuniona nikifunga ule waya?"

Na mimi, ninayesoma kila lebo mara mbili, nilimjibu: "Sikumbuki."

Kisha nikafungua daftari la safari na, chini ya safu ya sababu, nikaandika kwa hati yangu nzuri: *Uzembe wa rubani.*

Basi tulisimama tena ghalani, meza ileile kati yetu.

"Kuna mambo mawili," Seremala alianza. "La kwanza, kibanio sikihitaji. Kaa nacho, au kitupe. Sijagusa rimoti tangu siku ile na sitaigusa."

"Kwa nini? Adhabu ilikwisha baada ya miezi sita."

"Adhabu ya kamati ilikwisha." Alitabasamu kidogo. "Nilikuwa karibu kumuua baba yako, Katibu, kwa sababu ya waya. Tena najua mikono yangu, ningeapa niliufunga. Sasa mikono ikikudanganya hivyo, utaiamini tena? Umeniona pale getini?"

"Nimekuona."

"Basi ndiyo maisha yangu. Nikipachika mlango kwa mtu, nakusanya zana, naaga, nafika njia panda, narudi. Nakagua bawaba. Naaga tena. Wateja wamenibandika jina: Bwana Nimesahau." Akacheka, na safari hii jicho la kushoto halikufumba. "Na hilo ndilo linalonileta kwenye jambo la pili. Sikutaka ulisikie kwa watu."

Nilikuwa tayari nimefungua kinywa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa mpangilio: nitaanza na swichi, nitakuja kwenye utepe, nitamaliza na msamaha. Na baada ya msamaha, kwa kuwa moyo hauna aibu, nilikuwa nimepanga mengine zaidi. Nilikuwa hata nimevaa gauni la bluu alilolipenda.

"Naoa," alisema. "Mwezi ujao."

Nje, injini ya mtu iliwaka, ikakohoa, ikazima. Tulimsikia Daktari wa Meno akiilaani kwa upole.

"Hongera," nilisema.

"Asante."

"Ni nani?"

"Ni mwalimu wa watoto wadogo. Nilipachika mlango wa jiko kwao. Nikaenda, nikarudi. Nikaenda, nikarudi. Mara ya tatu mama yake akaniuliza, 'Kijana, unakuja kwa ajili ya mlango au kwa ajili ya binti yangu?' Nilitaka ardhi inimeze. Binti mwenyewe akacheka, akaniletea chai. Basi, ikawa hivyo."

Alilisimulia kama kichekesho. Mimi nilikuwa nahesabu. Asingekuwa na shaka na mikono yake, asingerudi. Asingerudi, asingeletewa chai. Nilikuwa nimemwongoza mwanamume huyu hatua kwa hatua hadi kwenye mlango wa mwanamke mwingine, kwa neno moja la uongo, na nikamgongea.

Sasa ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyenishurutisha. Alikuwa na furaha yake, mimi nilikuwa na jina langu zuri, na Baba alikuwa na haki yake. Kusema kusingenirudishia chochote. Nilimtazama akipitisha kidole kwenye ukingo wa meza, akitafuta kibanzi, akakipata, akapitisha tena palepale kuhakikisha. Akapitisha mara ya tatu.

Hiyo mara ya tatu ndiyo iliyonishinda.

"Uliufunga," nilisema.

"Nini?"

"Waya. Uliufunga. Niliukata utepe mimi mwenyewe, wa bluu. Uliuzungusha mara mbili ukaukandamiza kwa kidole gumba."

Kidole chake kilisimama juu ya meza.

"Ulisema hukumbuki."

"Nilikumbuka."

"Basi Korongo ilianguka kwa nini?"

"Nilikuwa hapa. Hapahapa niliposimama. Niliwasha rimoti yangu nitazame betri. Kibanio kilikuwa kwako."

Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza. Alitazama juu, kwenye paa, kisha dirishani, kuelekea njia ya kurukia, na nikaona macho yake yakiifuata ndege ambayo haikuwapo.

"Sekunde ngapi?"

"Tatu. Labda nne."

"Antena?"

"Chini."

"Chini," alirudia polepole. "Na Korongo juu ya paa. Mimi nilikuwa mbali, wewe ulikuwa chini yake. Ingekusikia wewe kwanza." Alikiinamisha kiganja chake kushoto, kama bawa. "Ndiyo maana ililala upande wa kushoto. Nimejiuliza miaka miwili, waya ukichomoka angani kwa nini ndege ilale kwanza badala ya kudondoka moja kwa moja. Nilijiuliza mpaka nikadhani napoteza akili."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza." Aliinua kiganja. "Kuwasha, naelewa. Mtu huteleza. Ungetoka nje dakika ileile ukasema, ningecheka. Naapa ningecheka. Ningekwambia, haya, miezi kumi na minne mingine, tutengeneze wote."

"Najua."

"Hapana, hujui. Nilikuuliza. Nilikuja kwako nikiwa nimeinama kama mwombaji, nikakuuliza wewe peke yako duniani, na wewe ukanitazama machoni. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu refu. Lililotoka lilikuwa fupi.

"Baba alikuwa amesema Katibu hakosei. Alikuwa amelisema mbele ya mjomba wako, pale getini, wakati akimkatalia. Nikaogopa kumfanya mwongo. Kisha siku zikapita, na kila siku kosa likawa kubwa kuliko jana."

"Basi ukanipa mimi nilibebe."

"Ndiyo."

Machozi yalinijaa, nikayazuia kwa nguvu zote. Hayakuwa na haki ya kumwomba chochote. Seremala aliyaona. Zamani angeyafuta kwa mgongo wa kidole, kwa kuwa ncha za vidole vyake zilikuwa na gundi daima. Mkono wake uliinuka kidogo kutoka mezani. Ulibaki hewani. Kisha ukashuka, ukaligusa daftari.

"Liko humu?"

"Liko."

"Andika."

Nilifungua ukurasa. Hati yangu nzuri ilikuwa bado pale, wino haujapauka. Nilipiga mstari mmoja kwa rula juu ya maneno yale matatu, nikaandika pembeni: *Katibu aliwasha rimoti namba kumi na nne bila kibanio. Rubani hakuwa na kosa. Waya ulifungwa.* Nikatia saini na tarehe ya siku hiyo. Alisoma, midomo ikimchezacheza, hadi neno la mwisho. Alilirudia kwa sauti ndogo.

"Ulifungwa."

Kisha akakitazama kidole gumba chake kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichokuwa kimeazimwa.

Nililipeleka daftari kwa Baba mwenyewe. Alisoma bila miwani, akavaa miwani, akasoma tena. Daktari wa Meno alichungulia begani pake, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni hati yako," Baba alisema.

"Ni yangu, Baba. Na adhabu ni ileile, miezi sita. Nimeshaiandika chini."

"Na wewe ndiye uliyeandika ule mstari wa kwanza."

"Ndiye mimi."

Alifunga daftari. Aliinuka kitini kwa taabu ya magoti yake, akavua kofia, akamwendea Seremala aliyekuwa amesimama kwenye ubao wa namba. Sijawahi kumwona Baba amevua kofia uwanjani.

"Kijana wangu. Siku ile nilikuuliza kama unadhani au una hakika. Binti yangu sikumuuliza."

"Yamepita, mzee."

"Hayajapita. Nilimrudisha mjomba wako getini kama mchuuzi. Yuko hai?"

"Yuko hai, mzee. Bado anakusema vibaya."

"Ana haki. Nitakwenda kumwomba radhi." Nilijua kinachokuja na nilitamani kumziba mdomo. "Basi, kama bado... kama wewe na huyu..."

"Baba," nilisema. "Anaoa mwezi ujao."

Baba alinitazama, akamtazama, na nadhani hapo ndipo alipozeeka. "Oho," alisema tu. Akavaa kofia yake, akaenda kukaa.

Seremala aligeukia kwangu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mkunjo kati ya nyusi uliokuwepo asubuhi sasa haukuwepo.

"Bado unacho kile kidege chako cha njano?"

"Kipo kwenye gari."

"Niazime. Na rimoti."

Nilivileta. Aliishika ile rimoti ya zamani aliyoifunga kwenye karatasi ya msasa, akaigeuza, akaona namba kumi na nne nyuma. Alinyoosha mkono, nikampa kibanio. Safari hii vidole vyetu havikugusana. Alikishika kwa ncha. Akakibana kwenye antena.

Nilisogea kando yake, kulia, mahali pangu pa zamani. Mwili ulikwenda wenyewe.

"Mkia tu," alisema kwa upole.

Nikarudi nyuma, nikapiga magoti nyasini, nikaushika mkia. Aliuchomeka waya wa betri. Alikata utepe mwenyewe, kwa meno, akaufunga, akaukandamiza kwa kidole gumba. Akafunga kifuniko. Nilingoja afungue tena akague. Nilikuwa nimejiandaa kungoja mara tatu.

Hakufungua. Aliwasha injini, akasimama wima.

"Achia," alisema.

Nikaachia.

Kidege kilikimbia nyasini, kikainua pua, kikaenda. Mwanzoni vidole vyake vilitetemeka na mabawa yakatetemeka pamoja navyo. Daktari wa Meno alinong'ona, "Taratibu, Bwana, taratibu, hilo ni jino la mbele." Kisha vidole vikakumbuka. Alikizungusha upande wa kushoto, mzunguko mpana, akakipandisha, akakilaza chali juu ya vichwa vyetu na kukirudisha bila haraka, kama anayefungua na kufunga droo iliyotengenezwa vizuri. Watu walipiga makofi. Yeye hakuwasikia. Alikuwa akicheka peke yake, uso juu, jicho la kushoto limefumbwa.

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nilimtazama nikafikiri: mwanamke huyo mwalimu hajawahi kumwona hivi. Mwezi ujao atamwona. Atapata mtu mzima, yule niliyemjua mimi kabla sijamvunja, na hatajua ni nani wa kumshukuru wala wa kumlaumu.

Dakika nane baadaye alikileta chini. Kilipita juu ya paa la ghala, kikagusa nyasi kwa magurudumu yote mawili, kikasimama mbele ya kiti cha Baba. Baba aliinua mkono kwenye ukingo wa kofia.

Seremala alizima rimoti na kuniletea.

"Vuta kidogo waya wa usukani wa mkia," alisema. "Kinaegemea kulia."

"Nitauvuta. Baada ya miezi sita."

"Baada ya miezi sita," alikubali. Alisita. "Nimekasirika, Katibu. Nadhani nitakasirika kwa muda. Lakini asante kwa kusema. Ungeweza kuniacha niende."

"Nimekuacha uende."

Alinitazama kwa mara ya mwisho kwa macho yale ya zamani, kitambo kifupi sana, na nikajua kwamba angekuwa mtu huru angenisamehe hapohapo, na kwamba alimshukuru Mungu hakuwa huru. Alichomoa kibanio kwenye antena. Nilifikiri atakitia mfukoni. Badala yake alitembea hadi kwenye ubao, akakirudisha mahali pake, kati ya kumi na tatu na kumi na tano, kama kanuni inavyotaka mtu akimaliza kuruka.

Akaaga kila mmoja kwa mkono. Daktari wa Meno alimwambia, "Mlango wangu wa kliniki unalia, uje." Akajibu, "Nitakuja, mara moja tu." Wote wawili wakacheka.

Mimi nilifungua daftari nikaandika safari ya mwisho ya ubao ule. Namba: kumi na nne. Muda: dakika nane. Kutua: salama. Nilipoinua kichwa alikuwa amefika getini. Alitoka, akavuta geti, akafunga komeo.

Alipiga hatua kumi. Nilizihesabu.

Nilisimama na kalamu mkononi nikilitazama lile geti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi niliomba kwa moyo wangu wote kwamba awe amelisahau komeo, arudi alikague.

Hakurudi.